Pointi Mia na Ishirini

Mkuu wa Mifumo hakumkaribisha kiti. Mpelelezi alivuta kimoja mwenyewe, akakaa, akafungua jalada lake juu ya meza ya mwenyeji wake.

"Afande, nilishaandika maelezo," Mkuu alisema, macho yakiwa kwenye skrini. "Kurasa tatu. Kama wenzako hawajui kusoma, hilo si kosa langu."

"Nimezisoma. Zote tatu zinamtaja msaidizi wako."

"Kwa sababu ni yeye."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya Shirika la Maji, dirisha lake likitazama mitambo ya kusukuma maji kwenda mjini. Ukuta wa nyuma ulijaa vyeti kutoka juu mpaka chini, kila kimoja kwenye fremu yake, vimepangwa kwa rula. Wafanyakazi walimwita Bwana Vyeti, ila si mbele yake.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu fundi wa pampu, mtu ambaye shirika zima lilimjua kwa jina la Spana, ashuke kwenye chumba cha pampu namba mbili kubadilisha beringi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli ya mfumo, ile inayofungwa na kufunguliwa kwa kompyuta tu. Saa nne na dakika arobaini kufuli ikafunguka, pampu ikawaka, na Spana hakutoka hai. Polisi wa kwanza kufika waliandika ajali. Wakaongeza kwamba marehemu alikutwa na kisikilizi sikioni na simu imepondeka kando yake, kwa hiyo alikuwa akisikiliza muziki kazini. Uzembe. Wiki moja baadaye mtaalamu wa kompyuta wa polisi akagundua kwamba kufuli haikufunguka yenyewe. Ilifunguliwa na mtu, kutoka mbali, kwa akaunti ya msaidizi wa Mkuu, na kwa kompyuta ambayo si mali ya shirika. Hapo jalada likahamishiwa kwa Mpelelezi.

"Akaunti ya msaidizi wako ilikuwa imefungwa miezi miwili," Mpelelezi alisema. "Ilifunguliwa Jumamosi hiyo hiyo, saa nne na dakika thelathini na sita. Kwa nenosiri lako."

"Analijua. Nilimpa nilipokwenda likizo. Nilimwamini, basi. Andika kwamba kosa langu ni hilo."

"Wewe ulikuwa wapi saa hiyo?"

Karatasi ilikuwa tayari kwenye droo ya juu. Mkuu aliisukuma mezani kwa kidole kimoja. "Darasani. Kwa mtandao, nikiwa nyumbani. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana."

Mpelelezi aliisoma. Ilikuwa hati ya mahudhurio kutoka chuo cha mafunzo ya kompyuta cha mjini. Saa nne za darasa, pointi nne.

"Pointi za nini?"

Mkuu alishusha pumzi kama mtu anayelazimishwa kumfundisha mtoto wa jirani. "Unaviona vyeti hivyo nyuma yangu? Havikai milele. Kompyuta zinabadilika, wezi wa mtandao wanabadilika, kwa hiyo na mwenye cheti lazima aendelee kusoma. Kila miaka mitatu pointi mia na ishirini. Saa moja ya darasa, pointi moja. Ikipungua hata moja, cheti kinakufa. Na kwa taratibu za hapa, cheti kikifa, hugusi mfumo. Ndivyo alivyofungiwa yule. Mvivu wa kusoma. Akabaki na kinyongo."

"Kinyongo na wewe. Aliyekufa ni Spana."

"Waligombana. Nenda kaulize."

"Mtu hawezi kufungua darasa, akaliacha linaongea peke yake, akaenda zake?"

"Kila dakika ishirini kinatokea kidirisha. Unabonyeza 'Nipo.' Usipobonyeza, inaandikwa."

"Ulibonyeza mara zote?"

"Nisingebonyeza, wangenipa hati?"

"Walifundisha nini?"

Mkuu aligeuka kwa mara ya kwanza na kumtazama. "Nikikueleza, utaelewa?"

"Nijaribu."

"Nina kikao," Mkuu alisema, akasimama. "Na safari ijayo upige simu kwanza. Hapa si kituoni kwenu."

*

Msaidizi alikuwa amehamishiwa stoo, kuhesabu mita za maji. Alikuwa dada wa miaka ishirini na saba hivi, mikono imejaa vumbi. Alipoona kitambulisho cha polisi akarudisha macho kwenye daftari lake.

"Mnanikamata leo au mmekuja kunitazama tu?"

"Ulikuwa wapi Jumamosi ile, saa nne na nusu?"

"Kwenye chumba cha mtihani. Cheti kikishakufa, Afande, pointi haziwezi kukifufua. Unarudi kufanya mtihani upya tangu mwanzo. Niliingia saa mbili, nikatoka saa sita. Wanakuvua saa, simu, mpaka mkanda. Kamera nne juu ya kichwa." Alichomoa karatasi kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne. "Nimetembea nayo tangu siku ile. Hakuna aliyeniuliza. Wote mlisoma kurasa za Bwana Vyeti mkaridhika."

Mpelelezi alipiga simu kwenye kituo cha mtihani palepale, akiwa amesimama katikati ya maboksi ya mita. Akasubiri, akasomewa majina, akasomewa saa. Akakata simu.

"Ni kweli," alisema.

"Asante kwa kunifahamisha."

"Nenosiri la bosi wako unalijua?"

"Nililijua. Kila mtu kwenye chumba cha kompyuta alilijua, ameliandika chini ya kibodi."

"Uligombana na Spana?"

"Nilimpigia kelele. Kuna siku nilimkuta kwenye ngazi na simu, anasoma masuala ya mtandao ambayo hata mimi yalikuwa yananitoa jasho. Nikamuuliza, wewe haya ya nini? Akacheka, akasema anajifurahisha. Nilidhani ananikejeli, maana siku hiyo ndiyo nilinyimwa ruhusa ya kwenda darasani kwa mara ya tano. Mara tano, Afande! Ndivyo pointi zangu zilivyopungua. Bosi anakufungia mlango, halafu anakuita mvivu."

"Bosi mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa?"

Msaidizi alicheka kwa sauti kavu. "Yule? Sijawahi kumwona darasani, sijawahi kumwona na kitabu. Na pointi zake hazijawahi kupungua. Sasa niache. Nikikosea hesabu ya mita wataniongezea kesi ya pili."

*

Msajili wa chuo alikuwa mwanamume mnene mwenye tai fupi, na alikuwa amejiandaa.

"Taarifa za wanafunzi ni siri," alisema kabla hajaulizwa kitu.

Mpelelezi alimwekea hati ya mahakama mezani. Msajili akaisoma mara mbili, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha kuangalia muhuri, kisha akabonyeza mashine ya kuchapa kwa hasira kama anayempiga mbwa. Orodha ikatoka: miaka mitatu ya masomo ya Mkuu wa Mifumo, kila darasa na tarehe yake.

Mpelelezi alikuwa na karatasi nyingine kwenye jalada, kumbukumbu za likizo alizochukua asubuhi ile kwa karani wa Shirika la Maji. Akaziweka sambamba. Aliteremka na kalamu taratibu, mstari kwa mstari, huku msajili akigonga meza kwa vidole.

"Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, mwaka jana," alisema. "Alisoma kwa muda wa saa sita. Alibonyeza 'Nipo' mara kumi na nane."

"Mwanafunzi mzuri."

"Siku hiyo alikuwa makaburini, anamzika baba yake mzazi."

Vidole vya msajili vikatulia.

"Nani alikuwa anasoma?" Mpelelezi aliuliza.

"Sisi tunaona jina na nenosiri. Nani amekaa mbele ya skrini, hilo ni la mwenyewe na dhamira yake."

"Nipe Jumamosi ya kifo. Yote, si muhtasari."

Karatasi ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Ilionyesha 'Nipo' kumi kati ya kumi na mbili. Nne za kwanza, kuanzia saa tatu na dakika ishirini mpaka saa nne na dakika ishirini, zilitoka kwenye simu. Ya saa nne na dakika arobaini haikubonyezwa. Ya saa tano kamili haikubonyezwa. Kuanzia saa tano na dakika ishirini mpaka mwisho zilibonyezwa zote, na zote zilitoka kwenye kompyuta.

"Mbili zimekosekana, na bado mkampa hati?"

"Tunasamehe mpaka tatu. Watu wanakwenda msalani."

"Kwa dakika arobaini?"

Mpelelezi alirudia karatasi kutoka juu. Karibu na chini kulikuwa na mstari mdogo: *Ujumbe kwa mkufunzi, mmoja, saa 4:31.* Mbele yake nafasi ilikuwa tupu.

"Ujumbe huu uko wapi?"

"Umefutwa."

"Na nani?"

"Mfumo unafuta wenyewe."

"Umefuta mmoja, ukaacha jumbe za wanafunzi wengine wote?" Mpelelezi alifunga kalamu. "Nikutoe wasiwasi, Bwana Msajili. Nachunguza mauaji. Sikuja kwa ajili ya chuo chako kugawa hati kwa watu wasiosoma, hilo watakuja wengine. Lakini ukinificha karatasi moja ya siku hiyo, unaondoka nami sasa hivi, kwa ngazi ya mbele, wanafunzi wakikutazama."

Msajili alifungua droo ya chini. Mkufunzi alikuwa amemletea ule ujumbe Jumamosi ile ile, alisema, na yeye akauchapa kabla ya kuufuta. "Nilitaka kuushughulikia kwa utaratibu. Ungejulikana, tungenyang'anywa kibali cha kufundisha. Watu arobaini wanakula hapa."

Mpelelezi aliusoma akiwa amesimama.

*Mkufunzi, mimi si mwenye jina hili. Nimemsomea miaka mitatu na leo ni mwisho. Jumatatu nitakuja ofisini kwenu na madaftari yangu yote muone mwandiko ni wa nani.*

"Jumatatu alikuja mtu?"

"Hakuna aliyekuja."

"Mwanafunzi akiandika ujumbe, unaonekana na nani?"

"Mkufunzi peke yake." Msajili alilegeza tai. "Na nakala inakwenda kwenye barua pepe ya mwenye akaunti. Hiyo inakwenda yenyewe, papo hapo."

Mpelelezi aliandika nyakati tatu kwenye ukurasa wa daftari lake, moja chini ya nyingine. Ujumbe, saa nne na thelathini na moja. Akaunti ya msaidizi kufunguliwa, na thelathini na sita. Kufuli ya pampu, na arobaini. Akapiga mstari chini yake, akaomba nakala zilizogongwa muhuri, pamoja na namba za utambulisho za simu na kompyuta zilizotumika. Msajili aligonga mihuri yote.

*

Mjane wa Spana alizungumza kutoka ndani ya mlango wa nondo. Hakuufungua.

"Umekuja kuniambia tena alikuwa anasikiliza muziki?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuulizia madaftari."

Ndani, redio ilizimwa. Kisha funguo zikalia, mlango ukafunguliwa nusu, naye akasimama palepale katikati, mkono mmoja juu ya fremu.

"Nani amekwambia habari ya madaftari?"

"Yeye mwenyewe. Aliandika ujumbe siku ile."

Mwishowe akampisha aingie. Yalikuwa saba, ya jalada gumu, kwenye kabati la vyombo. Mwandiko wa Spana ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja, na juu ya kila somo aliandika tarehe. Mpelelezi alikaa kwenye mkeka, akafungua orodha ya chuo. Mjane alibaki amesimama, amekunja mikono. Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu: ilikuwamo, kurasa tisa. Mwezi wa tano: ilikuwamo. Ukiacha Jumamosi ya kifo, kila siku ambayo Mkuu wa Mifumo alijipatia pointi, Spana alikuwa ameandika somo. Ilimchukua saa nzima kulinganisha, na hakupata tarehe hata moja iliyokosekana.

"Kwa nini alimsomea Mkuu?"

"Bosi alimwahidi kumtoa kwenye mashimo ya pampu. Alimwambia, nisomee huku nawe unajifunza, nafasi ikitoka kwenye chumba cha kompyuta ni yako, nitakuingiza kwenye mtihani. Mume wangu hakuwa na cheti hata kimoja, lakini kichwa alikuwa nacho. Alikuwa anashika spana mkono huu, simu mkono huu. Miaka mitatu." Sauti yake ilipanda. "Mwezi uliopita nafasi ikatoka. Akapewa mpwa wa huyo huyo bosi. Na bado akamwambia, Jumamosi kuna darasa, usisahau."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi." Mjane alikunjua mikono. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme. Asubuhi ile, anavaa viatu, nikamwambia usirudi hapa kama hujawaambia wale watu ukweli. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Andika na hilo kwenye jalada lako."

Mpelelezi aliandika. Alimwandikia pia stakabadhi ya madaftari saba, moja moja, na ukurasa wa mwisho wa kila daftari.

"Mtayarudisha?"

"Baada ya kesi."

"Kwa mdomo wenu mlisema uzembe mbele ya wanangu," mjane alisema. "Siwaamini. Lakini chukua." Akafunga mlango kabla Mpelelezi hajavaa viatu vizuri.

*

Mkuu wa Mifumo aliletwa kituoni kesho yake saa nne asubuhi, na wakili wake nyuma. Asubuhi hiyo hiyo askari walikuwa wamepekua nyumba yake na kurudi na kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mtaalamu alikuwa nayo chumba cha pili.

"Mtanilipa kwa aibu hii," Mkuu alisema akikaa. "Kazini kwangu mmenitoa kama mwizi wa kuku."

Mpelelezi aliweka madaftari saba mezani.

"Sijui ni ya nani hayo."

"Ni ya Spana. Ndani yake kuna pointi zako mia moja na kumi na nane."

Wakili alimgusa mteja wake mkono. Mkuu akautoa. "Basi alikuwa ananiibia akaunti."

"Alikuibia ili akusomee?"

"Sijui alikuwa na akili gani. Mtu wa mashimo yule, amejaa grisi mpaka masikioni, anataka kukaa meza moja na watu waliosoma."

"Waliosoma," Mpelelezi alisema. "Nieleze somo la tatu la Jumamosi ile. Lilianza saa nne na robo."

Mkuu aligeuka kumtazama wakili wake.

"Kisikilizi kilichokutwa sikioni mwake hakikuwa cha muziki. Alikuwa kwenye darasa lako. 'Nipo' nne za kwanza alibonyeza yeye, kwa simu yake, akiwa ndani ya chumba cha pampu. Ile karatasi uliyonipa ofisini kuthibitisha kwamba huhusiki, nusu yake aliijaza mtu uliyemuua."

"Usijibu," wakili alisema.

Mlango ulifunguliwa. Mtaalamu aliingia, akampa Mpelelezi karatasi moja, akatoka. Mpelelezi aliisoma, akaigeuza iwaelekee wawili wale.

"Kompyuta iliyofungua kufuli ya pampu si ya shirika, hilo tulilijua. Leo tunajua ni ya nani. Namba yake ni hii. Na iliyomalizia darasa, kuanzia saa tano na dakika ishirini, ni hii." Aliweka kidole kwenye namba ya kwanza, kisha ya pili. "Soma mwenyewe. Imetoka chumbani kwako leo asubuhi."

Wakili alisoma. Akaomba dakika tano na mteja wake. Mkuu alitikisa kichwa. Alikuwa anayatazama madaftari, si karatasi.

"Angenimaliza," alisema. "Mnajua wanafanya nini? Hawakunyang'anyi kimoja. Wanakunyang'anya vyote, wanaweka jina lako kwenye mtandao, dunia nzima inasoma. Miaka ishirini ya kazi. Kwa sababu ya fundi."

"Nakushauri kwa mara ya mwisho," wakili alisema.

"Uliupata ujumbe wake?" Mpelelezi aliuliza.

"Simu yangu ililia, nikausoma. Nilikuwa nakunywa chai."

"Ulijua yuko wapi?"

"Nilisaini kibali chake cha kushuka mimi mwenyewe, Ijumaa."

"Kwa nini akaunti ya msaidizi?"

"Ndiyo iliyokuwa imelala." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nilitaka kumtisha tu. Pampu ianze, atoke mbio. Nikaona kwenye skrini namba ya mzunguko wa pampu inapanda, halafu ikashuka ghafla kama imenasa kitu, halafu ikapanda tena."

Wakili aliweka kalamu chini na kutazama ukutani.

"Ulimpigia simu mtu yeyote?" Mpelelezi aliuliza. "Zamu? Gari la wagonjwa?"

"Hapana."

"Kutoka saa nne na arobaini mpaka saa tano na ishirini ulifanya nini?"

"Nilikaa."

"Halafu?"

"Nikaingia darasani, nikamalizia."

Mpelelezi alimaliza kuandika sentensi ile, akainua kichwa. "Ulijua ameshakufa. Ulirudi darasani kutafuta ushahidi kwamba hukuwapo?"

Mkuu wa Mifumo alionekana kushangazwa na swali. "Hilo la ushahidi nililifikiria wiki ya pili, mlipoanza kuuliza," alisema. "Siku ile nilikuwa napungukiwa pointi mbili, na miaka yangu mitatu ilikuwa inaisha saa sita usiku."

Mpelelezi aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamgeuzia karatasi, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi.